Mkaguzi wa Maini

Mtu aliyenifundisha kutofautisha ini zima na ini bovu ndiye huyohuyo aliyemwacha kaka yangu atembee na ini bovu huku watu wakicheka. Nimejaribu kumkumbuka kwa upole, kwa kuwa ni mzee, na kwa kuwa alinilisha nilipokuwa sina cha kula. Upole haukai. Nikianza na wema wake, naishia kwenye jicho la kaka, na hasira inapanda tena. Basi nitaandika nikiwa nayo.

Tulimwita Mkaguzi. Alikuwa mkaguzi wa nyama kwenye machinjio ya senta yetu, upande wa Biharamulo, njia ya kwenda Bisibo. Machinjio yenyewe yalikuwa sakafu ya saruji, nguzo, bati, na bomba lililotoa maji siku likipenda. Wachinjaji wengi walikuwa Wasukuma wenzangu, watoto wa watu waliokuja na ng'ombe kutoka Shinyanga na Mwanza. Yeye alikuwa Mhangaza wa Ngara, mrefu, mkavu, koti jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likichoma. Kaka yangu alichinja pale. Mimi nilikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nimeswaga ng'ombe, nimepakia malori Benako, nimechimba dhahabu nisiyoiona, nimeuza mitumba kwenye magulio. Kila nilipochoka nilirudi kwa kaka, na kila niliporudi nilimkuta Mkaguzi palepale, na koti lake.

Nianze na mikono yake, kwa sababu mikono yake haikuwahi kunikera. Kabla ng'ombe hajalazwa alimwendea, akamshika taya, akamfunua ukope kwa kidole gumba. "Tuonyeshe dirisha, mama," alimwambia, hata kama alikuwa dume. Jicho likiwa na weupe mbaya, au limeingia unjano, alitikisa kichwa na ng'ombe yule alirudi alikotoka na mwenyewe akitukana. Ng'ombe akishachinjwa, ini lililetwa kwake kwanza. Alilipokea kwa viganja viwili kama mtu anayepewa mtoto. Alilibonyeza, akaligeuza, akalipasua mara moja tu kwa kisu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, kisha akaminya. Kama lilikuwa na ugonjwa, minyoo bapa kama majani ilichungulia kwenye mirija.

Nilikuwa namsumbua kwa maswali. Wengine walinifukuza, yeye hakunifukuza.

"Hii si mishipa ya damu," aliniambia. "Hii ni mirija ya nyongo. Ukiona imekuwa migumu kama bomba la baiskeli, ujue huyu alikunywa maji ya mbuga."

"Na ini lenyewe kazi yake nini, mzee?"

"Mlinzi wa mlangoni. Kila unachomeza kinapita kwake kwanza. Kikiwa sumu, anapigana nacho yeye. Kwa hiyo anayepigwa ni yeye, wewe unaendelea kuimba."

Shuleni hakuna aliyewahi kuniambia jambo likakaa kichwani namna hiyo. Nilizunguka nalo siku nzima, nikijibonyeza chini ya mbavu za kulia.

Alikuwa mwaminifu, na hilo nalo nalisema kwa uchungu. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo alimpelekea mguu mzima wa nyama nyumbani. Asubuhi yake tuliukuta ule mguu unaning'inia machinjioni, Mkaguzi amesimama pembeni yake. "Nani kasahau mguu wake kwangu?" aliuliza, na mwenyewe hakujitokeza. Ini alilolikataa alilikatakata, akalimwagia oili chafu, akasimamia mpaka limefukiwa. Mama mmoja aliyekaanga maini pale senta alikuwa anamsubiri kila alfajiri na sufuria yake, na kila alfajiri waligombana.

"Mkaguzi, unatunyima hata cha kusukumia ugali!"

"Nakunyima minyoo, mama."

"Minyoo ikikaangwa si nyama?"

"Basi kaanga panzi, hao sina muhuri wao."

Tulicheka, na yule mama naye alicheka, na ini likafukiwa vilevile. Yeye mwenyewe hakula ini hata siku moja. Ukimuuliza alisema ameshaona mengi ya ndani.

Kitu ambacho hakikumo ndani ya mtu yule ni neno "sijui". Nilikaa naye miaka, kwa vipande, na sikulisikia. Siku moja mfugaji alimwita akamtazame ng'ombe mgonjwa kijiji cha mbele ya Bisibo, tukaenda naye kwa miguu, mimi na kaka. Kwenye njia panda akashika njia ya kushoto. Tukatembea mpaka tukakutana na mwanamke amebeba mkungu wa ndizi, akatuambia kile kijiji tumekiacha nyuma, tulipaswa kushika kulia. Kaka akageuka. Mkaguzi hakugeuka. "Najua," alisema. "Tunazunguka makusudi, nataka kuyaona malisho." Tukazunguka. Tukafika jua linazama, ng'ombe ameshakufa, naye akaueleza ule ugonjwa vizuri sana mbele ya mwenye ng'ombe aliyekuwa analia.

Wakati ule nilicheka. Kaka alicheka zaidi. "Huyu mzee akianguka kisimani atasema alikuwa anapima maji," aliniambia. Alimpenda hivyohivyo. Baba yetu alikufa tukiwa wadogo, na kaka alikuwa ametafuta mtu wa kumsikiliza, akampata pale, amevaa koti jeupe.

Na Mkaguzi alipenda kusikilizwa. Kazi ikiisha wachinjaji walikaa na chai, yeye katikati, na maswali yalikuja. Mtoto anaharisha. Mke hashiki mimba. Mguu umekufa ganzi. Alikuwa amesomea nyama ya ng'ombe na mbuzi, wao wakamuuliza habari za binadamu, naye akawajibu. Mara nyingi majibu yake yalikuwa ya busara, aliwaambia waende zahanati. Ila wakimtazama kwa muda, wakiwa wametulia na vikombe mkononi, utaona anaongeza kitu.

Hivyo ndivyo ilivyokuja habari ya panya.

Mtoto wa Mkaguzi alikuwa anasoma chuo huko mbali, akamsimulia kwenye simu kwamba wataalamu huwapa panya sumu ya kuharibu ini. Wengine hupewa sumu peke yake. Wengine hutangulizwa kitu kinachotolewa kwenye binzari, ule mzizi mfano wa tangawizi unaotia mchuzi rangi ya njano. Kisha wanayalinganisha maini, na ya wale waliotangulizwa binzari yanaonekana yameumia kidogo kuliko ya wenzao. Kwamba mimea ina vitu vya kuzuia kutu ya mwilini, ndivyo alivyotueleza, kama rangi inavyozuia kutu kwenye bati.

Ilikuwa habari ya maini, kwa hiyo ilikuwa yake. Aliisimulia, na kila alipoisimulia ilinenepa. "Panya wa kwanza, ini limevimba, limepauka, ukiligusa linameguka kama udongo wa kichuguu. Panya wa pili, aliyeanza na binzari, ini linang'aa kama la ndama!" Alionyesha kwa vidole ukubwa wake, kana kwamba alikuwa amelipasua yeye.

Kaka ndiye aliyeuliza. "Kwa hiyo mtu akianza na binzari, halafu akapiga gongo?"

Mkaguzi aliweka kikombe chini. Nilimwona. Aliwatazama wote, na wote walikuwa wanamtazama.

"Sumu ni sumu," akasema, "na ini ni ini."

Ilitosha. Baada ya muda mfupi mwenye kilabu cha gongo alikuwa anachemsha binzari kwenye sufuria kubwa, anaiweka mlangoni na kikombe cha plastiki. Walikuwa wanaita kuvaa buti. Kabla hujakanyaga tope unavaa buti, kabla hujakanyaga gongo unakunywa binzari. "Umevaa?" "Nimevaa." "Ingia basi, ng'wanawane, mwanangu." Waliokuwa wanakunywa glasi moja na kurudi nyumbani wakawa wanakunywa mpaka wanabebwa, maana walikuwa na buti. Wanawake wao waliwajua kwa midomo. Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa akiona mdomo wa mumewe una rangi mchana, anaanza kuficha vyombo vya kuvunjika.

Siuchukii ule mzizi. Bibi yangu aliutia kwenye mboga, na huenda kweli siku moja watu wenye akili watautolea dawa. Mzizi haukusema chochote. Aliyesema ni mtu.

Nilimfuata siku moja akiwa ananoa kisu.

"Mzee, wale panya mwishoni walikwenda wapi?"

"Hawakwenda popote. Waliuawa."

"Wote?"

"Utaliona vipi ini bila kuchinja?"

"Hata waliokunywa binzari?"

"Hata hao."

"Basi hatujui wangeishi mpaka lini. Na hakuna panya aliyekunywa sumu miaka kumi akiwa na watoto wa kulea."

Akaujaribu ukali wa kisu kwenye ukucha. "Wewe," akasema, "uliacha shule mapema mno."

Wachinjaji waliosikia walicheka, kaka pamoja nao. Nikaondoka senta wiki ile, nikaenda Lusahunga kupakia mkaa. Nilirudi baada ya misimu miwili, na nikamkuta kaka amekonda mikono, tumbo limetangulia, na macho yake yamegeuka rangi ya binzari ya ile sufuria ya kilabuni.

"Macho yako yamefanya nini?"

"Binzari hiyo," alisema, akicheka. "Imejaa mpaka juu. Kila mtu ananiambia."

Na kweli kila mtu alimwambia. Mtu ambaye vidole vyake, midomo yake na kola ya shati lake vimepakwa rangi ile kila siku, macho yakipata rangi ileile, mnafikiri nini? Pale senta walifikiri dawa imeingia. Walimwonea wivu. Kulikuwa na mwenzake mmoja aliyeongeza vikombe ili rangi na kwake ifike machoni.

Kesho yake alfajiri nilimfuata kaka machinjioni. Mkaguzi alikuwa amemfunua ng'ombe ukope, amemwachia. Kaka akasogea, akainamisha kichwa kwa mzaha. "Na mimi nikague, mzee. Nami nitazame dirisha."

Watu wakaacha walichokuwa wanafanya. Mkaguzi akamshika kidevu. Akamfunua ukope wa chini kwa kidole gumba, kama alivyowafunua ng'ombe wote wa maisha yake. Akatazama kwa muda mrefu. Kicheko kilikuwa kinasubiri kwenye midomo ya watu.

"Binzari imekolea," akasema. "Piga kazi."

Kicheko kikapasuka. Mimi sikucheka. "Mzee, wale ng'ombe unaowarudisha kwa unjano, si macho yao huwa hivihivi?"

Hakuniangalia. Alikuwa anafuta kidole kwenye koti. "Ng'ombe hanywi binzari," akasema.

Walicheka mpaka mmoja akaketi chini kwenye damu. Kaka alinipiga begani, akaniambia nimeshindwa na mzee tena. Hilo ndilo jicho ninaloishia kila mara. Yule hakuwa mtu asiyejua. Alijua jicho lile kuliko mtu yeyote kati ya pale na Ngara mjini.

Muda si mrefu alistaafu, wakamfanyia sherehe ndogo, akarudi kwao Mugoma. Kaka alitoa hotuba akalia. Mvua zilipokwisha, kaka alitapika damu, tukampeleka hospitali kwa bodaboda, mimi nimemshika kwa nyuma.

Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye macho ya usingizi. Alitukalisha mimi na shemeji pembeni ya kitanda ili kaka mwenyewe asikie.

"Ini lina tabia ya kusamehe," alisema. "Hili limeanza kuchoka. Akiacha pombe leo, akafuata dawa, anaweza kuishi akawaona wajukuu. Asipoacha, tusidanganyane, shemeji."

"Mimi nakunywa na kinga," kaka akasema, akamweleza habari za panya, zote, mpaka kung'aa kama la ndama.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. "Habari hiyo ina ukweli wake. Ila panya wa maabara hakuruhusiwa kurudi kilabuni kila jioni. Binzari weka kwenye mchuzi. Gongo acha."

Tulipotoka kaka alinung'unika njia nzima. Yule mtoto ameona maini gani? Mkaguzi ameona maini ya wilaya nzima. "Mkaguzi akiniambia niache, naacha siku hiyohiyo. Aniambie kwa mdomo wake." Na jioni ile akaenda kuvaa buti.

Nilimpigia Mkaguzi. Alipokea kwa furaha, akauliza habari za senta. Nilipotaja ini la kaka, simu ikakatika. Nikapiga tena, haikupokelewa. Shemeji alikuwa amesimama karibu yangu na mtoto mgongoni. "Shemeji," aliniambia, "wewe si mtu wa kutembea? Basi safari hii tembea kwa faida."

Nikaenda Ngara.

Nilimkuta kwake Mugoma mchana, anawafunga mbuzi kamba nyuma ya migomba. Hakuwa na koti jeupe. Alivaa fulana ya kampeni iliyotoboka, na kwa mara ya kwanza niliiona shingo yake, nyembamba, ya mzee. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, akanikumbatia. Mkewe alileta ndizi na maharage. Nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa. Kisha nikamwambia yote: damu, tumbo, maneno ya daktari, na kwamba kaka anasubiri neno moja kutoka kwake.

Alivunjavunja kijiti.

"Siku ile nililiona," akasema.

"Uliona nini?"

"Jicho. Nililiona vizuri."

"Kwa nini ulisema ni binzari?"

"Walikuwa wananitazama," akasema. "Walikuwa wameshaanza kucheka."

Nimewahi kupigwa na polisi, nimewahi kudhulumiwa ujira, nimewahi kufukiwa na mchanga shimoni. Sijawahi kupata hasira kama ile. Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mzee. Nilipoishiwa pumzi nikamwambia basi ainuke, avae koti, twende tukapande gari, akamwambie kaka: nilikosea, acha.

"Mbele ya wachinjaji?"

"Hata chumbani. Mtu na mtu."

"Chumbani kutakuwa sokoni kesho yake." Akatikisa kichwa. "Miaka yote ile haikurudishwa nyama niliyoigongea muhuri. Hata moja. Leo nirudi nikaseme nini?"

"Useme ulikosea! Neno moja!"

Alifungua mdomo. Nakiri kwamba alijaribu, midomo ilisogea. Halikutoka. Kisha uso wake ukatulia, nikauona ule utulivu wa kwenye njia panda.

"Mwambie nimekufa," akasema.

"Mzee!"

"Mwambie nimekufa kwa ini. Macho yaligeuka, tumbo likajaa, nikafa. Hilo atalisikia." Akatoa simu mfukoni, akaifungua kwa ukucha, akatoa laini, akaivunja kwa meno na kunipa vipande. "Hawatanipata. Kule sirudi tena."

Mkewe alikuwa mlangoni na sahani. Alituangalia, kwanza mume, kisha mimi. "Ukifika," aliniambia, "usisahau kusema mjane alilia sana."

Niliondoka bila kuaga. Njiani nilivitupa vile vipande, kisha nikarudi nikavitafuta kwenye majani, sijui kwa nini, sikuviona. Niliapa kwamba nitamwambia kaka ukweli: yule mzee wako yuko hai, anafunga mbuzi, na anakuacha ufe kuliko kusema amekosea. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni mpaka naingia uani. Kaka alikuwa ameegemea ukuta, tumbo kama ngoma, kikombe cha binzari pembeni yake. Akainua uso kama mtoto.

"Kasemaje?"

Nilijua ukweli ule angeufanyia nini. Angesema nimemsingizia.

"Amekufa," nikasema.

Kaka hakupiga kelele. Aliuliza taratibu. "Na nini?"

"Ini."

"Binzari alikuwa anakunywa?"

"Mpaka siku ya mwisho."

Shemeji aliyekuwa anapepeta mchele aliacha kupepeta. Kaka alikitazama kile kikombe, na machozi yakaanza kushuka kwenye yale macho yake.

Aliacha. Siku hiyohiyo, kama alivyoahidi. Tumbo limeshuka kiasi, anakwenda hospitali kwa tarehe zake, na daktari hasemi amepona, anasema twende polepole. Kilabuni habari ya msiba ilipofika mmoja alisema labda mzee siku fulani alisahau kuvaa buti, wakagonganisha glasi, na sufuria bado iko mlangoni. Yule aliyeongeza vikombe ili macho yake yapate rangi tulimzika kabla ya mavuno. Neno moja la kweli lingewafikia wote. Kifo cha uongo kilimfikia mmoja.

Kaka siku hizi anasali. Kila Jumapili, katekista akisema tuwataje marehemu wetu, wengine wanawataja kimoyomoyo, kaka humtaja Mkaguzi kwa sauti, jina lake na la baba yake, na huongeza kwamba alikuwa mtu asiyekosea. Kanisa zima linaitikia amina. Mimi nimesimama karibu na kaka, nasikia anavyopumua vizuri, na ninaitikia nao, nimeng'ata meno.